Miaka Elfu ya Nani?

Rangi ya mafuta ikiwa mbichi ina harufu inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho, na ukilala karibu nayo unaamka kinywa kikiwa kichungu. Mwaka wa tisini na tisa ulipokuwa ukiisha, barabara ya Ngong, Nairobi, ilinuka hivyo mchana kutwa, kuanzia njia ya kuingilia mtaa wetu wa Jamhuri hadi kwenye ua wa uwanja wa maonyesho. Kila mwenye duka alikuwa akibadilisha bango, na kila bango jipya lilitaka neno moja. Bucha Milenia. Kinyozi Milenia. Saluni Milenia. Hata mzee aliyeshona viatu chini ya mwavuli alitafuta kipande cha mbao akaandikiwa Viatu Milenia. Mwandishi wa mabango hayo alikuwa baba yangu. Alitoka nyumbani asubuhi na ngazi begani na mikebe ikigongana mkononi, akarudi jioni na vidole vyenye rangi za maduka yote aliyopitia, nasi tuliweza kumwangalia mikono tukajua siku hiyo alikuwa wapi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza kusoma maneno marefu, na kwa kuwa neno hilo nililiona tu mahali palipopakwa rangi, niliamini kwamba milenia ni jina la kitu chochote kilichofanywa kipya. Viatu vyangu vikipigwa kiwi niliviita viatu vya milenia. Baba alicheka siku aliyonisikia, akalazimika kuiweka brashi chini.

Wateja wake walibishana juu ya neno lenyewe. Wengine walilitaka kwa Kizungu, na hakuna aliyejua herufi zipi zinarudiwa na zipi hazirudiwi. Baba alikuwa ameshachoka na ubishi huo, kwa hiyo yeyote asiyejua alimwandikia kwa Kiswahili. Nakumbuka mwenye bucha, mtu mnene wa mzaha mwingi, akisimama chini ya ngazi na kisu chake mkononi.

"Fundi, mbona yangu ni fupi hivi? Ya kinyozi iko na herufi mingi."

"Yako ni Kiswahili, boss. Yake ni Kizungu, na amekosea."

"Na kuna mtu ameniambia milenia yenyewe inaanza mwaka ule mwingine, si huu."

"Basi wewe utakuwa umetangulia wenzako."

Shule ilipofunguliwa Januari, nikiwa darasa la pili, nilimuuliza mwalimu wetu milenia ni nini hasa. Alikuwa anafuta ubao. Bila kugeuka akasema, "Ni miaka elfu moja." Akaendelea kufuta. Sijui niseme nini kilichonipata, ila nakumbuka nilibaki nimesimama, na mwenzangu wa dawati akanivuta sketi nikae. Nilikuwa nimezunguka na neno hilo miezi mizima, nimelisoma ukutani pa bucha juu ya miguu ya ng'ombe iliyoning'inia, na kumbe ndani yake mlikuwa na muda wote huo. Nyumbani nilijaribu kuufikiria mwaka mmoja kwanza, kutoka Krismasi hadi Krismasi, kutoka nguo mpya hadi nguo mpya, na hapo tu nilichoka. Shule yenyewe niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimeishi miji mingi na kushika kazi ambazo hazikunishika, lakini mshtuko wa siku hiyo sijauacha popote. Katika miji yote hiyo nimewauliza watu miaka elfu ni mingi kiasi gani. Wengi hunijibu kwa kupunga mkono kuelekea mbali. Jibu la maana nimelipata mara moja tu, na nililipata mwaka huohuo, ndani ya kanisa tupu, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa ameshika ufagio.

Mwanamke huyo alikuwa Shosho, mama yake mama. Aliishi Dagoretti, kwenye kipande cha shamba kilichobaki baada ya ndugu zake kujenga nyumba za kupangisha pande zote. Alikuwa na ng'ombe mmoja, migomba kadhaa, na sukuma wiki zilizosimama wima kama askari. Sisi tulikaa Jamhuri, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mwenye ploti. Baba alikuwa Mluhya kutoka magharibi, mama Mkikuyu wa hapohapo Dagoretti. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule mjini, kwenye duka karibu na Biashara Street. Mwaka huo wa tisini na tisa alikuwa na mimba, na mimba hiyo ilikuwa na mwenyewe hata kabla haijaonekana. Kwa Wakikuyu majina hayatafutwi, yanajulikana. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Mimi, wa kwanza, nilikuwa nimekwenda upande wa baba nikaitwa Nafula. Huyu aliyekuja, akiwa msichana, alikuwa wa Shosho. Angeitwa Wambui, kama yeye.

Shosho hakuwa na shaka yoyote kwamba ni msichana. Alikuja na maziwa kila Jumamosi, akaketi, na kabla hajamsalimu mtu aliinamia tumbo la mama. "Sasa, Wambui," alisema. "Unalala vizuri huko? Mimi nilikuwa nalala vibaya." Mama alicheka akimsukuma. Mimi niliuliza kwa nini anazungumza na tumbo kana kwamba anazungumza na nafsi yake, naye akanijibu bila kufikiri, "Si ni mimi narudi?" Baba, kila Shosho alipoingia, alitoka. Hakuwa na chuki naye hata kidogo. Kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na akikutana naye njiani humpisha akisimama kando kwenye majani. Alimheshimu hivyo mchana kweupe katikati ya Nairobi, huku watu wakipita na kushangaa fundi huyo anamkimbia nani.

Mtoto alizaliwa mwezi huohuo wa Januari, katika hospitali moja huko Parklands, na alikuwa msichana. Siku hiyo baba alinichukua hadi mjini kununua blanketi kabla ya kwenda kuwaona. Katikati ya jiji bado palikuwa pamevaa. Taa za rangi zilining'inia kwenye majengo marefu, vitambaa vilipepea mbele ya benki, na neno letu lilikuwa limebandikwa kwenye kila dirisha la duka, kubwa kuliko yote aliyowahi kuandika baba. Alisimama mbele ya kioo kimoja muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, akikagua herufi kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Kisha akasema, labda kwangu, labda kwa kioo: "Hili ni jina zuri. Halijavaliwa na mtu." Sikumwelewa. Nilidhani anazungumza habari za nguo iliyokuwa nyuma ya kioo.

Nilimwelewa siku mama aliporudi nyumbani. Vyumba vyetu viwili vilitenganishwa na pazia, na mtoto mwenye masikio hahitaji zaidi ya hapo. Baba alikuwa akisema kwamba mtoto hawezi kuitwa Wambui. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayeomba. Katika ukoo wao, jina hutoka kwa aliyekwisha kuondoka. Mtu akifa, jina lake hubaki limekaa bure, ndipo mtoto analichukua. Jina langu mimi lilikuwa la nyanya yake baba, aliyezikwa zamani. Lakini jina la mtu aliye hai likipewa mtoto, huyo mwenyewe ameambiwa nafasi yake imechukuliwa. Baba yake mzazi aliwahi kudharau jambo hilo akampa mtoto jina la ndugu yake aliyekuwa mzima wa afya. Mtoto hajaota meno, yule ndugu akazikwa.

"Njeri, mama yako ni mzima," alisema. "Nataka abaki mzima. Siwezi kumwita aondoke, tena kila siku, asubuhi na jioni, nikimwita mtoto anywe chai."

"Na mimi nimwambie nini? Amengoja. Amezungumza na tumbo langu miezi yote."

"Usimwambie sababu. Kumwambia ni kama kumtakia."

Mama akauliza mtoto ataitwa nani basi. Baba akalitaja lile jina ambalo halijavaliwa na mtu. Nilisikia mama akicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Hakubishana tena. Hakuchagua jina lingine, na jina lile halikuwa la kwao wala la kwake, kwa hiyo hakuna upande ulioshinda. Nadhani ndiyo maana liliwatosha.

Shosho alikuja Jumamosi, amebeba sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo Wakikuyu humpikia mzazi ili apate maziwa. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kitambaa kipya kichwani. Siku hiyo baba hakutoka. Alisimama pembeni kabisa ya chumba akiutazama ukuta, na kwa hilo tu Shosho alitambua kwamba kuna jambo. Aliishika ile sufuria mkononi bila kuiweka chini.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Mama alimtazama baba. Baba aliuambia ukuta, "Anaitwa Milenia, Mama."

Mimi nilitegemea aulize maana yake, kwa sababu mimi ningeuliza hivyo, na nilikuwa tayari na jibu la mwalimu. Shosho aliuliza kitu kingine.

"Hiyo jina ni ya nani?"

Alirudia, polepole, kama mtu anayeuliza njia katika mji mgeni. "Nauliza, ni ya nani? Ni mama ya nani anaitwa hivyo? Ni shangazi?"

"Si ya mtu, Shosho," nikasema mimi, nikiona wakubwa wameshindwa. "Ni ya miaka elfu."

"Miaka elfu ya nani?"

Nakumbuka uso wake vizuri sana. Haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kwake akakuta mlango umejengewa matofali. Aliiweka sufuria mezani, akafunga kitambaa chake upya ingawa kilikuwa hakijalegea, akatoka. Mtoto hakumshika. Hakumtazama hata mara moja. Mama alimfuata hadi kwenye lango akimwita, akarudi peke yake, akaketi kitandani na ile njahi ikapoa bila mtu kuigusa. Wiki zilizofuata maziwa hayakuja. Mama alimnyonyesha mtoto akiwa ameelekea dirishani, na baba alipozungumza naye alijibiwa maneno yaliyohitajika tu.

Likizo ya Aprili nilipelekwa Dagoretti kama kila mwaka, maana ugomvi wa wakubwa haukufuta likizo. Shosho alinipokea vizuri, akanipa maziwa na viazi vitamu, lakini habari za mtoto hakuuliza. Siku ya Jumamosi ilikuwa zamu yake kufagia kanisa, nami nikaenda kumsaidia. Kanisa lilikuwa la mabati na mbao, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, kwa hiyo ndani palinuka mbao zilizolowa na udongo wa viatu vya watu. Tulipofika katikati aliuegemeza ufagio, akaketi mwisho wa benchi, akaanza kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokatika jana.

"Wewe unasoma. Hebu niambie hiyo miaka elfu ni mingi aje."

"Hakuna mtu anaweza kuiishi."

"Mtu mmoja, hapana. Na watu?" Alisogea kidogo, akapigapiga mbao kando yake. "Mimi nikae hapa. Hapa anakaa Wambui aliyenipa jina, nyanya yangu. Huyo nilimjua. Alikuwa ananivuta sikio hivi nikichelewa kisimani." Akanivuta sikio. "Kati yangu na yeye ni kama miaka hamsini, au sitini tuseme."

"Na kando yake?"

"Nyanya yake. Wambui. Mimi sikumwona, lakini yeye alimwona, alinisimulia vile alikuwa anacheka. Sogea, umpishe."

Nilisogea. Tukaendelea hivyo, Wambui na nyanya yake, Wambui na nyanya yake, mimi nikiteleza kwenye mbao na Shosho akiniambia tumefika miaka mingapi. Wale wa mbali hakuwajua, lakini alisema lazima walikuwapo, la sivyo yeye angetoka wapi, na kama hawakuitwa Wambui waliitwa jina lingine la mtu. Benchi liliisha tukiwa katikati ya safari. Tukahamia la nyuma. Na kabla hilo la pili halijajaa, Shosho akasema, "Hapo. Hiyo ni elfu."

Nilimtazama. Nilitazama yale mabenchi mawili. Nilihesabu upya kwa vidole kwa sababu nilijua amekosea, nikapata vilevile. Ile miaka ambayo darasani ilinifanya nibaki nimesimama, ile iliyojaza madirisha ya mji mzima, ilikuwa ni wanawake wanaotosha kwenye mabenchi mawili ya kanisa la mabati, tena nafasi ikabaki ya kuweka mikoba. Kila mmoja wao alikuwa amemshika mkono aliyefuata, kwa mkono hasa, wenye joto. Shosho naye hakuwa amewahi kuhesabu hivyo. Aliweka kiganja mdomoni.

"Hao tu?" nilimuuliza.

"Hao tu! Na mimi nilidhani tumetoka mbali."

Kisha akalinyoshea kidole lile benchi la kwanza akaniambia kitu kilichonishtua zaidi. Nairobi yote, alisema, na magorofa yake, na reli, na barabara ya Ngong, imeonwa na yeye tu na yule wa kando yake. Wa tatu alipokuwa hai hapa palikuwa na msitu, ng'ombe, na maji baridi. Wengine wote hadi kule nyuma hawakuwahi kusikia jina la mji huu. Nilikuwa nimezaliwa humo, nilidhani mji ulikuwapo kama mbingu zinavyokuwapo, na kumbe wote ulienea kwenye mapaja ya wanawake wawili.

"Sasa unaona," alisema akishika tena ufagio. "Wangekuwa wengi, kama nyota, mtu mmoja akikosa nani angejua? Lakini ni benchi. Mmoja akikosa, unaona mbao. Baba yako ameacha mbao pale karibu na mimi. Ananichukia, na sijui nilimkosea wapi."

"Hakuchukii," nikasema. "Anaogopa utakufa."

Nikamwambia yote niliyoyasikia nyuma ya pazia. Shosho alisikiliza bila kupepesa. Alianza kucheka, cheko la tumboni lililopiga mabati na kurudi, kisha likakatika ghafla na nikaona macho yake yamejaa machozi. "Alisema hivyo? Kwamba anataka nibaki mzima?" Nikasema ndiyo. Alifagia mahali pamoja muda mrefu, mahali palipokuwa safi tayari.

Jumatatu alinishika mkono tukaenda Jamhuri. Aliingia kwetu bila hodi, akamkuta mama amekaa kwenye cherehani, akamchukua mtoto kitandani. Mama alisimama na kitambaa mkononi, sindano bado imeshika uzi. Shosho alimbeba mtoto mikononi, akatoka naye hadi barabarani, mama akimfuata na mimi nikimfuata mama, hadi mahali baba alipokuwa juu ya ngazi akiandika bango la duka la dawa, mkabala na bucha. Alipotuona alishuka haraka, akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye majani.

"Baba Nafula, simama hapo. Niangalie."

"Mama, siwezi."

"Leo utaweza. Huyu ni nani?" Akamwinulia mtoto.

Baba alitazama viatu vyake. Brashi ilikuwa ikimdondokea rangi nyekundu juu ya kiatu. Watu walianza kusimama. Mwenye bucha alitoka nje na aproni yake.

"Mama, tafadhali, si barabarani."

"Ukiniita nitakufa. Sawa. Na usiponiita, nitaishi miaka elfu?"

Mwenye bucha aliangua kicheko, na wengine wakamfuata, lakini Shosho hakucheka, wala baba. Shosho alimkaribia baba hadi wakawa wametenganishwa na mtoto tu. Akasema kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia kwa sababu nilikuwa nimeshika nguo yake, "Niite, mwanangu. Nikiwa nasikia."

Baba aliinua uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumtazama mwanamke huyo machoni. Midomo yake ilisogea bila sauti, kisha sauti ikaja.

"Wambui," alisema.

Sote tuligeuka tukamtazama Shosho. Mama alikuwa ameshika mdomo. Mwenye bucha alikuwa ameacha kucheka, na mimi nilikuwa nimefumba jicho moja. Shosho alisimama pale, amembeba mjukuu wake, akatutazama sote mmoja baada ya mwingine.

"Mnaona? Bado nimesimama."

"Fundi," mwenye bucha akapaza sauti, "sasa uje ubadilishe na hii bango yangu!" Na watu wakacheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili, kwa sababu wote walikuwa wameshikilia pumzi.

Shosho alikufa kabla mvua za mwaka huo hazijakatika. Alikuwa amelala mchana, akaletewa chai, hakuamka. Siwezi kueleza sura ya baba alipoletewa habari. Hakulia. Aliketi kwenye ngazi yake iliyolazwa uani, akageuza viganja vyake na kuvitazama, na alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Msalaba wa kaburi aliuandika mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza nione herufi za baba zimepinda. Jina hilo hakulitamka tena. Mama alimwita dada yangu Wambui, watu wa Dagoretti walimwita Wambui, shuleni alikuwa Milenia Wambui. Kwa baba alikuwa Milenia tu. Hata akiwa mgonjwa wa homa, hata siku ya harusi yake ilipokaribia kisha ikavunjika, alikuwa Milenia. Tulijua sababu, na hakuna aliyeitaja.

Miaka imepita ishirini na mitano na kitu. Mabango sasa huchapwa kwa mashine kwenye plastiki, na baba hana ngazi. Ile bucha ni duka la simu. Neno milenia, ambalo kwangu lilikuwa maana ya upya, siku hizi ukilisikia unafikiria kitu kilichokwisha kuchakaa, bango la zamani lililopauka mahali ambapo hakuna aliyehangaika kulitoa. Wazazi wangu wamejenga Dagoretti, kwenye kile kipande cha Shosho, na dada yangu anakaa nao. Mimi huja na kuondoka. Mara ya mwisho nilipokuja, tukiwa tumekaa mimi, mama na baba, nilimuuliza mama swali kama ninavyouliza maswali, bila shabaha: kwamba Shosho alikuwa mzima siku ile barabarani, ilikuwaje akaenda haraka vile?

"Hakuwa mzima," mama alisema. Alikuwa anachambua mchele. "Mimi ndiye nilimpeleka hospitali, Parklands, nikiwa na mimba ya huyu. Daktari alituambia sote wawili kwamba hatamaliza mwaka."

Nilisikia kiti cha baba kikilia.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua. Yeye pia alijua. Alinikataza nisikwambie. Nami niliona ukijua utasema tungoje, kwa sababu kwenu mnangoja. Na yeye alitaka kuitwa akiwa anasikia."

"Njeri. Miaka yote hii nimejua ni mimi nilimuua."

"Mwanzo nilikuwa na hasira na wewe," mama alisema, mikono yake imesimama ndani ya mchele. "Mtoto wangu uliyempa jina la duka. Halafu hasira ikaisha, nikataka kukwambia, nikaona siku zimekuwa nyingi. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko ile ya jana."

Robo nzima ya karne, katika ile elfu mpya iliyopakwa rangi kwa shangwe kiasi kile, nyumbani kwetu ilikuwa imepita ndani ya ukimya mmoja wa watu wawili waliolala kitanda kimoja. Nilipiga hesabu bila kutaka, nikashtuka kuliko nilivyoshtuka darasani na kanisani: kimya kama hicho arobaini tu, na milenia nzima imekwisha.

Baba alipitisha kiganja usoni kutoka juu hadi chini. Jikoni dada yangu alikuwa anakanda chapati, tulisikia unga ukipigwa mezani. Kisha baba akaelekeza uso wake kule, akakohoa kidogo, akaita.

"Wambui!"

Unga ukanyamaza. Dada yangu alikuja mlangoni, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Nani ameniita?"

"Ni mimi," baba alisema.